Anga kama Kioo cha Ardhi: Mwanasayansi Mchoraji, Setilaiti ya Uhuru na Riwaya ya Walenisi

Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya sayansi ya sayari, uchoraji na riwaya ya Kiswahili. Swali linalotushughulisha ni hili: msanii anayeichora sayari ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kuikanyaga huitoa wapi malighafi yake? Tunadai kwamba huitoa katika ardhi anayosimama. Suala hili lina uzito katika uhakiki wetu, kwani kazi ya Kiswahili inayovuka mawingu huelekea kuitwa njozi na kutengwa na kazi zinazosemekana kusawiri uhalisi.

Kuitazama ardhi kupitia anga ni jambo la kale kwetu. Waswahili walikifuatilia Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linatokana na kulima, ili wayatambue majira ya mvua na ya jua. Kwa majirani zetu Wakipsigis, wenyeji wa eneo hili la Kabianga, jina la Mungu, Asis, lina uhusiano na jua. Katika hali zote mbili, mja aliyainua macho ili ayapange maisha ya chini.

Mwanasayansi mwenye brashi

Mfano bayana wa dai letu ni William K. Hartmann, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1939. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mwanafunzi wa Gerard Kuiper katika Chuo Kikuu cha Arizona, alishiriki katika kazi ya kumulika picha za mwezi juu ya tufe jeupe na kuzipiga picha upya kutoka ubavuni. Sehemu ambazo mtazamaji wa duniani huziona kwa shida, pembezoni mwa mwezi, zikajitokeza kana kwamba yu juu yake, na pete za bonde la Orientale zikabainika. Picha zilikuwa zile zile za awali. Kilichobadilika ni pembe ya kutazamia.

Mwaka 1975, yeye na Donald R. Davis walichapisha nadharia kwamba mwezi uliumbika kutokana na vifusi vilivyoruka baada ya gimba kubwa kuigonga dunia ilipokuwa changa. Tukio hilo halikuwa na shahidi, naye alilichora kwa rangi. Aidha, alikuwa na desturi ya kuchora nje, jangwani na penye miamba ya volkano, na maarifa hayo ya mwanga na mawe akayatumia kuisawiri Mirihi. Tunadiriki kusema kwamba Mirihi ya Hartmann ina sarufi ya jangwa la Arizona.

Neno la Kiswahili angani

Tukirejea kwetu, tunakutana na tukio ambalo wahakiki hawajalipa uzito unaostahili. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa hilo lilikuwa tunda la juhudi za Mwitaliano Luigi Broglio, na ukaribu wake na ikweta uliiwezesha roketi kufaidi zaidi kasi ya mzunguko wa dunia. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliiita setilaiti hiyo Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za anga, ambazo haziwezi kuipenya hewa ya dunia. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, iliwawezesha wataalamu kuorodhesha asili 339 za eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeuongoza utafiti huo, alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2002. Mhakiki hana budi kuzingatia kwamba Uhuru haikupiga picha kama zipigwazo na kamera. Ilizunguka ikihesabu miali, na binadamu wakazigeuza hesabu hizo kuwa ramani. Hiyo nayo ni taswira iliyosanifiwa. Hata hivyo, hapa pana kinaya: neno letu lilipaa, ilhali simulizi ya safari yake ikaandikwa kwa lugha za wengine.

Walenisi

Miaka 25 baadaye, Katama Mkangi, mwana wa pwani hiyo hiyo, alichapisha riwaya ya Walenisi (1995). Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha anga ili akaangamie huko. Badala ya kufa, anafika Walenisi, ambako jamii inaishi kwa misingi ya usawa. Jina la mahali hapo ukilitenga vipande linajifasiri lenyewe: wale ni sisi.

Huenda mtu akapinga kwamba Hartmann alifungwa na ushahidi, ilhali Mkangi alikuwa huru kubuni atakavyo. Tofauti hiyo ipo. Chombo cha Mariner 9, ambacho Hartmann alikuwa katika jopo la kuzichambua picha zake, kilipoanza kuizunguka Mirihi mwaka 1971, michoro ya awali ya sayari hiyo ilipata kipimo cha kupimiwa. Lakini Walenisi nayo ina kipimo chake, nacho ni jamii iliyomhukumu Dzombo. Msomaji asiyeitambua jamii hiyo hawezi kuielewa sayari anayoifikia. Setilaiti ilibeba uhuru ambao taifa lilikuwa likiusherehekea; Dzombo anabeba ule ambao raia alinyimwa.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba mchoraji na mwandishi wa anga hufanya kazi kwa nyenzo za ardhini. Kwa hiyo, mhakiki anapoikabili kazi ya namna hii, aanze kwa kuuliza ni ardhi ipi inayotazamwa, na kutoka pembe gani. Kabianga ipo chini kidogo tu ya ikweta, na mtu anayesimama kati ya mashamba haya ya chai anaweza, katika mzunguko wa mwaka mmoja, kuziona takriban nyota zote za kaskazini na za kusini, mawingu yakimruhusu. Wanafunzi wetu wa fasihi wanayo anga pana kuliko ya London au ya Arizona. Kinachosubiriwa ni waiandike kwa Kiswahili.