Nyumba ya Setla na Maji ya Mfongo

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukashuka kuifuata. Kabla ya hapo, Moshi yenyewe ilikuwa juu, ile inayoitwa leo Old Moshi, kwa Mangi (mtawala wa Kichagga) Rindi na baadaye mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Basi anayetoka stesheni kupanda mlima anarudi nyuma kihistoria kwa kila kilomita. Mimi nilishika njia ya Kibosho, kwa sababu huko ndiko yaliko mashamba makubwa ya kahawa na nyumba za masetla, zile ambazo tetesi za kuuzwa kwake haziishi mjini.

Nyumba hizi hazina ukoo mmoja. Kuta ni nene, za mawe ya mlimani, kama za ngome. Baraza pana limezunguka mbele na ubavuni, kwa mtindo ulioletwa na Waingereza kutoka India. Paa ni la bati, na juu yake linachomoza dohani la meko ya kuotea moto, maana Julai ya huku si mchezo. Uani kuna mijakaranda, mawaridi na bogonvilia, kisha mstari wa masale, mmea ambao Mchagga hupanda kuonyesha mpaka na kuombea msamaha. Sijui kama setla alidhani anapanda ua tu, lakini jirani yake alilisoma vingine.

Wapo wanaosema ujenzi wa mawe uliletwa na Wazungu. Waende wakaulize habari za Mangi Sina wa Kibosho, aliyezungushia boma lake ukuta wa mawe hata Mjerumani Wissmann alipokuja kumpiga mwaka 1891 akalazimika kupigana kwelikweli. Upande wa Rombo, Mangi Horombo wa Keni alikuwa amejenga ngome za mawe miongo mingi kabla yake. Kahawa ndiyo iliyokuja na wageni: mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema, na wakafungua misheni ya Kibosho mwaka 1893.

Ardhi je? Hapo ndipo pana kisa. Amri ya Kaisari ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi iliyoonekana haina mwenyewe kuwa mali ya serikali ya Ujerumani, na shamba la Mchagga lililopumzishwa lilionekana halina mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza aliyachukua mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui, akayauza. Wagiriki wakawa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Katikati ya miaka ya 1920 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na mwaka 1939 wakanyang'anywa tena. Huko nyuma, masetla walikuwa wametumia nguvu nyingi kutaka Wachagga wakatazwe kulima kahawa. Jibu la Wachagga lilikuwa chama cha wakulima cha mwaka 1925, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ambacho mwaka 1933 kilirithiwa na muungano wa vyama vya ushirika, KNCU.

Uhuru ulipokuja, sheria ya mwaka 1963 ilifuta umilikaji wa ardhi usio na kikomo. Mwaka 1973 mashamba ya masetla Kilimanjaro yakataifishwa na mengi yakakabidhiwa vyama vya ushirika vya vijiji. Vyama hivyo navyo, kahawa ilipodorora, vikaanza kuyakodisha kwa wawekezaji. KNCU yenyewe, ilipobanwa na madeni, ilitaka kuliuza shamba lake la Gararagua kule Siha, na mabishano yake yakachukua miaka.

Kwa hiyo anayeambiwa kuna nyumba ya kikoloni inauzwa, na bustani yake, ajue anauziwa nini. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais; ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kinacholipiwa ni maendelezo pamoja na miaka iliyobaki kwenye hati. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Na kama shamba ni la chama cha msingi cha ushirika, muuzaji halisi ni mkutano mkuu wa wanachama, si bwana mwenye funguo za geti.

Lakini swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi ni la maji. Mawaridi yale yamenyweshwa na mfongo, mfereji uliochimbwa kutoka mtoni huko juu na ukoo fulani, wenye zamu zake, mkuu wake na siku zake za kuuzibua. Mfongo haukujali hati ya Mjerumani wala ya Mgiriki. Ulipita uani kwa setla ukashuka kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachagga) vya chini, na kila kiangazi ugomvi ulianzia hapo hapo alipoukinga. Siku hizi kuna pia kibali cha kutumia maji, kwa sheria ya mwaka 2009, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ina ofisi mjini Moshi. Mnunuzi aanzie hapo, kisha apande akaonane na wazee wa mfongo. Kuhesabu vyumba kunaweza kusubiri.