Kinaya Si Kejeli

Mhariri mmoja, ambaye kwa heshima ya kalamu simtaji, alipokea makala yangu kuhusu Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles aliyoitafsiri Samuel Mushi, na kila nilipoandika kinaya akafuta akaweka kejeli. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa ndivyo kamati ya istilahi ilivyopitisha. Kamati hizi hukaa hotelini siku tatu zikatoka na orodha, na orodha ikishatoka haina mwenyewe wa kuulizwa.

Edipode anasimama mbele ya raia wa Thebes, anamlaani aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia, na kuapa kumsaka. Hadhira inajua muuaji ni yeye mwenyewe. Hapo nani anamkejeli nani? Kejeli ina mtoaji, tena ina mtu inayemchoma. Edipode hasimangi mtu. Anasema kwa dhati kabisa, na laana yake inamrudia. Mwanafunzi aliyesoma makala hiyo aliniuliza mfalme alikuwa akimkejeli nani. Nilikosa la kusema.

Neno kinaya limetoka Kiarabu, mzizi k-n-y, kusitiri maana nyuma ya nyingine. Mfano maarufu wa wanabalagha ni mtu "mwenye majivu mengi": majivu mengi ni moto mwingi, moto mwingi ni vyungu vingi, vyungu vingi ni wageni wengi; basi mtu huyo ni karimu, na neno ukarimu halikutamkwa. Mzizi huohuo umezaa kunya, yaani kumwita mtu kwa jina la mwanawe, kama sisi tunavyosema Mama Asha. (Desturi tunayo, neno lenyewe Waswahili tulilikwepa, na msomaji anajua kwa nini.)

Nitaambiwa kinaya ya Waarabu si ironia ya Wagiriki, ambayo ndiyo tunayoitafsiri kwa neno hilo. Kweli. Wagiriki walianza na eiron, mhusika wa vichekesho anayejifanya mjinga mbele ya mwenye majivuno. Lakini neno likishashuka forodhani ni la mji, na haya yote mawili yana pazia. Kejeli haina. Hata Antony, katika tafsiri ya Nyerere ya Juliasi Kaizari, anamsifu Brutus, mmoja wa wauaji, mbele ya maiti ya Kaizari kwa sauti ya adabu tupu. Kejeli inakuja baadaye, umati unapoanza kuishika.

Kwa matumizi: kinaya ya usemi ni pale msemaji anapokusudia kinyume cha asemacho, kinaya ya jukwaani, istilahi yangu ambayo wenzangu wanaona haya kuitumia, ni pale hadhira inapojua asichokijua mhusika. Ngeli ni I-ZI: kinaya hii, si kinaya hiki, maana ki- hiyo ni ya mzizi. Nitakumbushwa kwamba kitabu nacho ki- yake ni ya mzizi, na bado tunasema vitabu. Nimesikia. Vinaya siandiki.