Hema Jipya Linapovuja: Mnunuzi wa Vifaa vya Nje na Hesabu ya Muda katika Sheria Zetu za Mauzo

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania (Sura ya 214) na ile ya Kenya (Sura ya 31) zina asili moja, nayo ni sheria ya Uingereza ya 1893 iliyoandaliwa na Mackenzie Chalmers. Mnunuzi aliyekuwa machoni pa waandishi wa sheria hiyo alikuwa mfanyabiashara wa bandarini na sokoni, anayefungua robota, akatia mkono ndani, na kabla jua halijatua amekwisha kujua kama mali ni nzima au mbovu. Kanuni mbili kubwa zimejengwa juu ya mtu wa namna hiyo. Ya kwanza inasema aliyekagua mali hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Ya pili inasema aliyekaa na mali kwa muda wa kutosha bila kusema kitu anahesabiwa ameikubali, na haki yake ya kuirudisha imekwisha.

Kanuni hizi zikitumiwa kijuujuu kwa hema, buti za kupandia mlima, mifuko ya kulalia na majiko ya kambini, zinamwacha mikono mitupu mnunuzi aliyetimiza kila lililompasa. Ninachodai ni kwamba muda wa kukataa mali ya aina hii uanze kuhesabiwa siku inapotumika kwa mara ya kwanza katika kazi iliyonunuliwa kwayo, si siku risiti ilipokatwa.

Tuanze na mali yenyewe, kwa sababu hapo ndipo ugumu ulipo. Hema likitandazwa juu ya kaunta huonyesha rangi, zipu na idadi ya fito. Halionyeshi kama utepe wa ndani ya mishono umeshika vizuri, wala kama utando wa kuzuia maji umepakwa sawasawa. Mambo hayo huamuliwa na mvua ya usiku kucha. Mtu anayenunua hema Moshi au Arusha mwezi Juni, msimu wa kiangazi, anaweza kupanda na kushuka Kilimanjaro bila kukutana na mvua ya maana, kisha akagundua ubovu wa mishono vuli inapoanza. Buti ni tatizo kubwa zaidi. Soli ya kati ya buti nyingi hutengenezwa kwa poliyurethani, na unyevu wa hewa huvunjavunja kemikali hiyo taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa. Joto huharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo jozi iliyokaa miaka kadhaa kwenye bohari la mji wa pwani inaweza kuuzwa ikiwa na lebo zake zote, ikang'aa, kisha soli ikameguka kama mkate mkavu siku ya pili ya safari. Hakuna jicho la mnunuzi ambalo lingeuona ubovu huo dukani.

Je, nani anawajibika? Wauzaji wengi hujibu kwamba hawakutengeneza wao, mteja amtafute wakala au kiwanda. Jibu hilo halina msingi katika sheria. Muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani hubeba masharti yasiyotamkwa: kwamba mali ina ubora wa kuuzika, na kwamba inafaa kwa kusudi ambalo mnunuzi amemjulisha. Katika shauri la Frost dhidi ya Aylesbury Dairy la 1905, muuzaji wa maziwa yaliyobeba vijidudu vya homa ya matumbo aliwajibika ingawa hakuwa na njia ya kuvigundua. Uaminifu wa muuzaji na uangalifu wake haviondoi wajibu huo. Miaka miwili kabla, katika Priest dhidi ya Last, mahakama ilikuwa imesema kuwa kusudi la chupa ya mpira ya maji ya moto linajulikana lenyewe, mnunuzi hahitaji kulitamka. Vivyo hivyo kwa buti za mlimani: anayeziuza anajua zinakwenda wapi.

Maamuzi hayo ya Kiingereza hayazifungi mahakama zetu, lakini kwa kuwa yanafasiri maneno yaleyale tuliyoyarithi, yana nguvu ya kushawishi. Lipo la tatu ambalo ningependa lisomwe zaidi katika vyuo vyetu vya sheria, shauri la Grant dhidi ya Australian Knitting Mills la 1936. Mnunuzi alichukua nguo za ndani za sufu dukani, akazivaa, akaugua ngozi vibaya kwa sababu ya mabaki ya kemikali yaliyobaki ndani ya nyuzi. Baraza la Faragha la London liliamua kuwa kitu kinachochaguliwa kaunta kwa macho ya mnunuzi mwenyewe bado kimeuzwa kwa maelezo yake, na kwamba kasoro iliyojificha ndani ya kitambaa haiwezi kuhesabiwa dhidi ya aliyekitazama. Utepe wa hema uliobandikwa vibaya na soli iliyooza ndani viko katika fungu hilohilo. Kanuni ya ukaguzi, ikisomwa hivi, haimdhuru mnunuzi wa vifaa vya nje.

Kanuni ya muda ndiyo inayomdhuru. Kielelezo chake kibaya zaidi ni Bernstein dhidi ya Pamson Motors la 1987. Gari jipya lilikuwa na tone la gundi ya kuzibia lililoingia katika mfumo wa oili. Injini ikakwama baada ya wiki tatu na takriban maili 140. Jaji alikubali kwamba gari lilikuwa bovu tangu mwanzo, lakini akasema muda wa kutosha ni muda wa kulijaribu gari kwa ujumla, si wa kuigundua kasoro mahususi. Bernstein akapata fidia, ila haki ya kulirudisha gari ikawa imepotea. Hukumu hiyo naiona kuwa kosa: inamwadhibu mnunuzi kwa sababu kasoro ilijificha vizuri. Ikiletwa Moshi, mtu aliyenunua hema Juni na kunyeshewa Novemba hana la kusema.

Uingereza yenyewe iliiacha njia hiyo. Marekebisho ya 1994 yalitilia mkazo nafasi halisi ya kukagua, na mwaka 2003, katika shauri la Clegg dhidi ya Andersson, Mahakama ya Rufani iliruhusu wanunuzi wa jahazi la starehe, lenye mkuku mzito kupita kipimo, kulikataa miezi kadhaa baada ya kulipokea, kwa sababu walikuwa bado wanasubiri taarifa za kuwawezesha kuamua. Mahakama ilisema wazi kwamba Bernstein haikuwa tena mwongozo. Sisi tulibaki na maandishi ya zamani bila marekebisho hayo. Hata hivyo, maneno yenyewe, "muda wa kutosha", hayamlazimishi jaji wa Dar es Salaam au Nairobi kufuata tafsiri iliyoachwa na walioitunga. Muda wa kutosha kwa samaki si muda wa kutosha kwa hema, na sheria ya zamani yenyewe inasema hilo ni suala la ukweli wa kila shauri.

Hapa lazima nitaje mtego wa matengenezo. Sheria ya 1893 haimpi mnunuzi haki ya kudai kifaa kitengenezwe au kibadilishwe. Inampa kukataa mali au kudai fidia. Muuzaji anaposema "lete, fundi atashona", anatoa fadhila, na mteja akisubiri miezi miwili huenda akaambiwa kwamba kwa kusubiri ameikubali mali. Marekebisho ya 1994 yaliziba tundu hilo: kuomba matengenezo hakuhesabiwi kukubali. Kifungu cha mstari mmoja kingetosha kutufikisha hapo. Kwa sasa, anayeacha kifaa kwa fundi wa duka aandike, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba haki yake ya kukirudisha inabaki palepale. Na hata aliyepoteza haki ya kukirudisha hajapoteza kila kitu, maana dai la fidia ya mkataba hudumu miaka 6 katika nchi zote mbili.

Kuhusu maandishi ya chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi", Kenya imekwisha kutoa jibu. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 kinabatilisha sharti lolote linalojaribu kufuta dhamana za Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, na kinazipeleka dhamana hizo hata kwa mali iliyokodishwa. Juu yake kuna kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tanzania haina kifungu cha katiba cha namna hiyo, lakini Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na inayo masharti yanayoingizwa katika mikataba ya walaji. Kwa maoni yangu, kumwambia mteja kwa maandishi kwamba hana haki ambayo sheria imempa ni upotoshaji, na Tume ya Ushindani ingefanya kazi kubwa kwa kuliweka hilo wazi kwa wenye maduka.

Upotoshaji mwingine umo kwenye lebo za mifuko ya kulalia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 kinatofautisha joto la kulala kwa raha, joto la mpaka, na joto la hatari, yaani lile ambalo mtu anaweza kulistahimili saa 6 bila kufa kwa baridi. Lebo inayoonyesha kwa herufi kubwa nambari ya hatari peke yake inamuuzia mtu uhai wa saa 6 kana kwamba ni usingizi. Katika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, tofauti hiyo ni suala la uhai.

Na wanaolala huko kwa wingi si watalii. Wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, hununua buti na makoti kwa ujira wao, mara nyingi kwenye mitumba. Mali ya mtumba nayo ina sharti la ubora, ingawa kipimo chake hushuka kulingana na bei na maelezo. Buti zilizovaliwa zitachakaa mapema, lakini hazipaswi kuachia soli siku ya kwanza. Mpagazi haziuzi tena buti hizo wala haziingizi kiwandani, kwa hiyo sioni sababu ya kumwondoa katika kundi la walaji eti kwa kuwa anafanyia kazi. Akitumia hema la kampuni, yeye si mhusika wa mkataba wa mauzo, na hapo hubaki na njia ya uzembe iliyofunguliwa na Donoghue dhidi ya Stevenson mwaka 1932, njia ndefu na ghali kwa mtu wa kipato chake.

Linabaki suala la ushahidi. Mnunuzi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwapo siku ya mauzo. Uingereza, kwa sheria ya 2015, hudhani hivyo kwa kasoro inayojitokeza ndani ya miezi 6. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2019, hudhani hivyo kwa mwaka mzima. Kwa nchi zenye kiangazi na mvua mbili, miezi 6 haitoshi; mwaka mmoja unapitia kila msimu angalau mara moja. Ningependekeza dhana ya mwaka mmoja, na kwa buti, sharti la kuonyesha tarehe ya kutengenezwa, jambo ambalo mashirika yetu ya viwango, TBS na KEBS, yanaweza kulidai bandarini. Kenya tayari ina mahakama za madai madogo, zinazosikiliza madai hadi shilingi milioni 1 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Tanzania inahitaji chombo cha namna hiyo, chenye mamlaka ya kuagiza buti zikatwe soli na kupimwa kabla ya muuzaji kuulizwa lolote.