Ngazi ni ya Nani?

Kwetu Kiboriloni na huko juu migombani, sheria ya mali ya pamoja ilikuwa mfongo. Walionywesha kwa mfereji mmoja walitoka pamoja kuuzibua. Asiyetoka alitozwa faini, au alinyimwa maji. Kwenye ghorofa za mjini Moshi mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na ngazi na paa vikawa juu ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Shirika la Nyumba la Taifa likarithi. Mpangaji alilipa kodi, bomba likivuja akasubiri. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imewatwisha wenye fleti wenyewe: chama chao ndicho hutunza ngazi, paa na mabomba, kwa michango yao. Naiona ni mfongo uleule, ila asiyechanga bado anapanda ngazi iliyotengenezwa na jirani.