Hoja Hujibiwa kwa Hoja: Bastola Iliyofichwa na Uhuru wa Mhadhiri katika Vyuo Vikuu vya Texas

Ikisiri

Makala hii inapinga dai kwamba sheria ya Texas inayoruhusu bastola zilizofichwa vyuoni haikuleta madhara kwa kuwa maafa yaliyohofiwa hayakutokea. Inadai kuwa madhara makuu ya bastola chuoni hutangulia risasi: huanza pale mhadhiri anapopunguza maneno, mada na muda wa kuonana na wanafunzi kwa kumhofia mtu asiyemjua. Ushahidi mkuu ni ushauri waliopewa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Houston mwaka 2016.

Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 1966, Charles Whitman alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin akiwa na bunduki, akaua zaidi ya watu kumi. Tarehe 1 Agosti 2016, miaka 50 kamili baadaye, sheria ya jimbo hilo inayojulikana kama SB 11, iliyotiwa saini na Gavana Greg Abbott mwaka 2015, ilianza kutumika katika vyuo vikuu vya umma. Mwenye leseni, ambaye wakati huo kwa kawaida ilibidi awe ametimiza miaka 21, anaweza kuingia darasani na bastola alimradi haionekani. Uongozi wa chuo unaweza kutenga baadhi ya maeneo, lakini hauwezi kupiga marufuku kampasi nzima. Vyuo binafsi viliachiwa hiari, na karibu vyote vilikataa.

Tangu hapo watetezi wa sheria hiyo wana swali moja wanalolirudia: mlisema ugomvi wa alama utaishia kwa risasi, haya, maiti wako wapi? Swali hilo lina uzito. Wenye leseni Texas hutiwa hatiani kwa uhalifu mara chache kuliko raia wengine, na wimbi la mauaji ya madarasani lililotabiriwa halikuja. Wapinzani waliojenga hoja yao yote juu ya utabiri huo wamebaki mikono mitupu. Mimi naipinga sheria hii kwa sababu nyingine.

Wanaohesabu risasi

Mjadala wa kitaaluma kuhusu ubebaji wa silaha umetawaliwa na hesabu. John Lott, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alidai kwamba bunduki zikiongezeka mikononi mwa raia wema, uhalifu hupungua. Mwaka 2004 jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia ushahidi uliokuwepo na kuona kuwa haukutosha kuthibitisha kupungua wala kuongezeka. Mwaka 2019 John Donohue na wenzake walikadiria kwamba miaka kumi baada ya jimbo kulegeza masharti ya kubeba silaha, uhalifu wa kutumia nguvu huwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ambavyo ungekuwa. Naona hoja ya Donohue ina nguvu zaidi, na ya Lott imeelemewa. Hata hivyo, wote wawili wanapima kitu kimoja: uhalifu uliotendeka. Chuo kikuu kinaweza kuharibika bila hata kosa moja kuandikwa polisi.

Matukio ya vyuoni nayo hayatoi hukumu iliyo wazi. Siku ile ya mnara, raia wa Austin walileta bunduki zao wakamfyatulia Whitman kutoka chini, na Ramiro Martinez, mmoja wa polisi waliopanda kummaliza, alikiri baadaye kuwa walisaidia. Kwa upande mwingine, mwaka 2014 mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho alijipiga risasi mguuni darasani, bastola ikiwa mfukoni mwake. Kila upande una kisa chake, na visa havitatutoa hapa.

Slaidi ya Houston

Ushahidi ninaoutegemea haumo katika takwimu za uhalifu. Februari 2016, miezi kadhaa kabla sheria haijaanza, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Houston walikutana kujadili yatakayokuja. Kiongozi wa baraza lao aliwaonyesha slaidi yenye ushauri ambao kwa muhtasari ulikuwa huu: muwe waangalifu mnapojadili mambo nyeti, huenda mkalazimika kuondoa baadhi ya mada katika kozi zenu, mkihisi hasira, msiifuate mada hiyo, punguzeni nafasi ya wanafunzi kuwafikia nje ya saa za kazi, onaneni nao kwa miadi, na yule mwanafunzi, mnayemjua wenyewe, mkutane naye katika mazingira yanayodhibitiwa.

Haikuwa kanuni ya chuo. Yalikuwa mawaidha ya mwenzao kwa wenzake, na ndiyo sababu nayathamini kama ushahidi. Kanuni hutuambia wakubwa wanataka nini. Mawaidha ya aina hii hutuambia wafanyakazi wanaogopa nini, na wako tayari kuacha nini ili wapone.

Tuyasome taratibu. Ushauri wa kwanza unagusa mada. Historia ya utumwa, dini, uavyaji mimba, rangi na mipaka ni mambo ambayo mwanafunzi wa Texas huja nayo darasani yakiwa tayari yanachemka. Kozi inayoyaepuka hubaki na jina lake, na orodha ya mihadhara hubaki na idadi ileile, lakini kilichotolewa hakionekani popote. Ushauri wa pili unagusa hasira, ilhali mwalimu mzoefu anajua kuwa hasira ya mwanafunzi mara nyingi ni mlango wa kufikiri. Anakasirika kwa sababu jambo limemgusa mahali alipodhani pana uhakika. Ushauri wa tatu unagusa ofisi, mahali ambapo mwanafunzi hujifunza kwamba alama aliyopewa ina sababu na kwamba sababu hiyo inaweza kupingwa.

Hapa naomba kutoa mfano wangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kijana aliyekuwa amedisko, yaani ameondolewa masomoni kwa kufeli, aliingia ofisini kwangu bila hodi. Alibwaga begi mezani, juu ya karatasi nilizokuwa nasahihisha, akaniuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Mwalimu, nimekukosea nini?" Nilimwambia akae. Nikatafuta mtihani wake, tukaanza kuusoma pamoja kuanzia swali la kwanza. Alibisha, akanyamaza, akabisha tena. Tulipofika swali la tatu akaweka kidole kwenye aya moja akasema, "Hapa, Mwalimu, hukunitendea haki." Niliisoma upya. Alikuwa na hoja. Niliandika marekebisho ya kumwongezea alama mbili, nikayapeleka idarani. Alama zile mbili hazikumwokoa, lakini aliondoka akijua kuwa amenishinda mahali pamoja, tena kwa hoja. Begi lake lilikaa mbele yangu karibu saa nzima, na sikuliwazia hata mara moja.

Mhadhiri wa Texas hana nafasi ya kutoliwazia. Hata kama kila mwenye leseni ni mtu mwema, hawezi kujua begi lipi lina nini. Kama ningekuwa nafuata slaidi ya Houston, kijana yule angeonana nami kwa miadi, mlango wazi, pengine mtu wa tatu akiwa amekaa pembeni. Yule kijana asingesema aliyoyasema, na mimi nisingeisoma upya aya ile.

Kinyago cha Virginia

Wanaodai kwamba katazo la silaha vyuoni ni uzushi wa juzi wanapaswa kurejea Virginia. Mwaka 1824 bodi ya Chuo Kikuu cha Virginia, Thomas Jefferson na James Madison wakiwa miongoni mwa wajumbe wake, iliwakataza wanafunzi kuwa na silaha chuoni. Haya yalikuwa maamuzi ya watu walioasisi taifa lenyewe. Novemba 1840, profesa wa sheria John Davis alitoka nje usiku baada ya kusikia milio ya bastola za wanafunzi waliovaa vinyago. Alimkaribia mmoja na kutaka kumvua kinyago. Mwanafunzi yule alimpiga risasi, na Davis akafa baada ya siku chache.

Kisa hiki hutajwa zaidi kama chanzo cha mfumo wa kiapo cha uaminifu ulioanzishwa chuoni hapo mwaka 1842. Mimi nakisoma kama kisa cha kinyago. Kazi ya mwalimu inadai uso kwa uso: nakujua, nimesoma kazi yako, nakuambia umekosea. Sheria ya bastola iliyofichwa inamvisha kila mwanafunzi kinyago, mwenye silaha na asiye nayo, kwa kuwa hakuna awezaye kuwatofautisha.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni la mahakama. Wahadhiri watatu wa Austin walifungua kesi mwaka 2016 wakidai sheria inaminya uhuru wao wa kujieleza darasani. Mwaka 2017 kesi ilitupwa, na Agosti 2018 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo: wahadhiri wamejiminya wenyewe kwa hofu ya tendo la mtu mwingine ambalo halina hakika ya kutokea. Kama kanuni ya nani ana haki ya kushtaki, uamuzi huo unaweza kusimama. Kama maelezo ya jinsi hofu inavyofanya kazi, haufai. Anayetishwa hujizuia daima "mwenyewe". Hivyo ndivyo kitisho kinavyotenda kazi yake bila kutumia risasi. William McRaven, admeri aliyesimamia operesheni iliyomuua Osama bin Laden, alilipinga wazo la bastola vyuoni mapema alipokuwa mkuu wa mfumo wa vyuo vikuu vya Texas. Huyo si mtu wa kuogopa chuma.

Pingamizi la pili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Aprili 2015 watu wanne wa kundi la al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Je, kama wanafunzi wale wangekuwa na bastola? Swali hilo linauma, na sitalijibu kwa wepesi. Lakini wavamizi walikuja alfajiri na bunduki za kivita, walinzi wa lango waliuawa, na kikosi maalumu kilichomaliza uvamizi kilifika baada ya saa nyingi. Kilichokosekana Garissa ni ulinzi wa dola uliowahi kufika. Kumpa kijana wa bwenini bastola ni kumtwisha kazi ambayo serikali ilishindwa kuifanya.

Hitimisho

Sina idadi ya mada zilizoondolewa katika kozi za Texas, na kwa asili yake hasara ya namna hii haiachi kaburi la kuhesabiwa. Pengine wahadhiri wengi waliipuuza slaidi ile na kuendelea kufundisha kama zamani. Hata hivyo nasema bila kusita: chuo kinachomtaka mwalimu atoe hukumu ya haki huku akikisia kilichomo ndani ya begi kimeondoa sharti la kwanza la kuwa chuo. Wahenga wa taaluma yetu walisema hoja hujibiwa kwa hoja. Msemo huo unahitaji meza ambayo mwanafunzi anaweza kubwaga begi juu yake kwa hasira, na mwalimu akaanza moja kwa moja kutafuta karatasi ya mtihani.