Marehemu na Hayati

Miaka kadhaa iliyopita palitokea msiba kwa jirani yetu hapa Ilomba. Binti wa mama aliyefariki aliniletea wasifu wa mama yake niusahihishe kabla ya mazishi. Juu ya karatasi alikuwa ameandika “Hayati Mama Yetu”. Nikalikata neno la kwanza, nikaandika “Marehemu”.

“Hayati ni ya wakubwa, mwanangu,” nikamwambia.

“Kwani mama yangu hakuwa mkubwa, Mwalimu?”

Sikumjibu. Alichukua karatasi yake akaenda.

Kwa mazoea ya lugha nilikuwa sahihi. Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999, huitwa hayati. Mkulima wa kwetu huitwa marehemu. Lakini mwalimu anayefundisha mazoea bila kueleza asili amefundisha nusu ya somo.

Kufa ni neno letu la Kibantu: Wanyakyusa husema ukufwa, Wahehe kufwa. Ni neno kavu, na msibani huwaumiza wafiwa. Ndiyo maana twapenda kutumia maneno yaliyotoka katika Kiarabu, yapunguze ukali. Kufariki asili yake ni kutengana. Ni ndugu wa neno mfarakano. Hayati asili yake ni uhai: twamtaja mtu kwa kile kile kilichomtoka. Na marehemu ni aliyerehemiwa. Shina lake ndilo lililozaa rehema, na Rahimu, jina mojawapo la Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kila tulitamkapo twamwombea aliyetutoka, tujue tusijue, Wakristo kwa Waislamu.

Basi ngazi iliyopo kati ya maneno haya mawili tumeijenga wenyewe, kwa hotuba na magazeti. Haimo katika asili yake. Uhai alipewa kila mtu, na rehema hata rais anaihitaji. Hayo ndiyo niliyopaswa kumweleza yule binti: kwamba neno nililompa halikuwa dogo kuliko lile nililomnyang'anya. Badala yake nilimjibu kama karani anayegawa vyeo, naye akaenda kumzika mama yake akidhani nimemshusha.

Mpaka leo tukikutana njiani huniamkia kwa heshima. Deni lake sijalilipa. Nimeanza kwa kuliandika hapa.