Mashua Isiyoonekana: Tamthilia ya Runinga na Dhuluma za Ufuoni, Homa Bay na Migori

Mwaka 1987 una nafasi ya pekee katika historia ya usawiri wa mwanamke nchini Kenya. Ari Katini Mwachofi alichapisha tamthilia ya Mama Ee. Sauti ya Kenya ilionyesha mfululizo wa Tushauriane katika runinga. Na mahakamani Nairobi, Wambui Otieno alishindana na ukoo wa marehemu mumewe, S. M. Otieno, kuhusu haki ya kumzika, akashindwa. Matukio haya yanazua swali moja: mwanamke ana mamlaka gani juu ya mwili wake na juu ya mali? Hoja yetu ni kwamba tamthilia ya runinga imeshughulikia mwili na kuiacha mali, na kwamba pengo hilo huonekana wazi zaidi likitazamwa kutoka fuo za Nyanza Kusini.

Tushauriane ilibuniwa ili kueneza mawaidha ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo mgogoro wake ni wa nyumbani na suluhisho lake ni mazungumzo, kama jina lenyewe linavyodokeza. Tuipe haki yake: iliyaleta sebuleni mambo yaliyokuwa yakinong'onwa jikoni. Hata hivyo, kushauriana kunahitaji wenye nguvu zinazokaribiana. Mwavita wa Mama Ee, anayepigwa na mumewe, hana mshauriani wa namna hiyo, na Mwachofi hasiti kuihoji sheria yenyewe.

Miaka 22 baadaye, mwaka 2009, Shuga ilionyesha vijana wa Nairobi wakikabiliana na tishio la UKIMWI. Ayira, mhusika aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, ni mwanafunzi wa chuo anayejihusisha na mwanamume mkubwa mwenye uwezo. Hapa ujinsia unasemwa bila tafsida, nalo ni jambo la kushangiliwa. Lakini Ayira anachagua, na hadhira inaalikwa kumhukumu kwa uchaguzi wake.

Mwanafunzi wangu mmoja kutoka Mbita aliwahi kuniuliza: 'Mwalimu, na asiyechagua?' Sikuwa na jibu la haraka.

Kuanzia Mbita na Sindo hadi Karungu na Muhuru, wachuuzi wengi wa samaki ni wanawake, ilhali mashua ni za wanaume. Biashara ya mbuta ilipopanuka katika miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda vya kuuza ng'ambo, ushindani ulikua, na samaki walipozidi kuadimika mchuuzi akajikuta akilipa kwa fedha na kwa mwili. Utaratibu huo huitwa jaboya. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya UKIMWI, dhidi ya 4.9 nchini kote. Mhakiki anayeiita hali hii 'upotovu wa maadili' amesoma nusu ya matini.

Mwaka 2011, katika ziwa hilohilo, wanawake wa ufuo wa Nduru walipata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie. Mwili ukaacha kuwa malipo kwa sababu mwenye chombo alibadilika. Kwa mtunzi wa tamthilia, mgogoro, kilele na hata anguko vimo tayari: mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda, yakakifunika kijiji.